Mgao wa faida ya hisa kama pato la uzeeni: Hesabu ya mkazi wa Bondeni

BONDENI ni mtaa mkongwe wa kisiwani Mombasa, jirani ya Mji wa Kale. Tangu zamani riziki ya wakazi wake imefuata bahari na barabara. Wako waliobeba mizigo katika bandari ya Kilindini, waliokuwa makarani wa forodha, madereva na utingo wa mabasi ya Malindi na Lamu, mafundi cherehani, wachuuzi, na akina mama walioinua watoto kwa kuuza mahamri na viazi vya karai. Kazi hizo zimelisha nyumba nyingi, lakini ni chache kati yake zinazomwachia mtu pensheni anapofikisha miaka 60.

Mzee asiye na pensheni amekuwa na tegemeo la namna nne: watoto, kodi ya vyumba, dhahabu ya mama, na pesa za mchezo, yaani mchango wa mzunguko baina ya majirani. Kila tegemeo lina upungufu wake. Watoto nao wana watoto wao. Nyumba nyingi za Kiswahili kisiwani zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Dhahabu haizai mpaka iuzwe. Mchezo nao hurudisha kile kile kilichotolewa.

Ndiyo sababu suala la hisa limekuwa likizungumzwa barazani, hasa baada ya mauzo makubwa ya hisa za umma ya mwaka 2006 na 2008. Swali ni moja: Je, mtu anaweza kununua hisa kidogo kidogo akiwa na nguvu, kisha mgao wa faida ukamlisha uzeeni badala ya pensheni? Makala haya yanaeleza mgao ni nini, hesabu yake ilivyo, na mipaka yake.

PENSHENI NA MASHAKA YAKE

Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) iliundwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mchango wa mfanyakazi ulikuwa Sh200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza Sh200 nyingine. Aliyechangiwa Sh400 kila mwezi kwa miaka 30 mfululizo alikuwa na Sh144,000 za michango, kabla ya kuongezewa faida. Fedha hizo zilitolewa kwa mkupuo, na mara nyingi ziliisha kabla mstaafu hajazoea kukaa nyumbani.

Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka 2013 lakini ikazuiliwa na kesi mahakamani. Ilianza kutekelezwa Februari 2023, na sasa mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara, kwa kikomo maalumu, na mwajiri hulipa kiasi hicho hicho. Kwa mtu wa mshahara wa Sh20,000, hiyo ni Sh1,200 kutoka mfukoni mwake na Sh1,200 kutoka kwa mwajiri.

Watumishi wa serikali wana utaratibu wao. Umri wao wa kustaafu uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, na tangu Januari 2021 wale walioingizwa katika mpango mpya wa pensheni huchangia kutoka mishahara yao, jambo ambalo halikuwapo awali.

Hata hivyo, watu wa Mombasa wanajua kwamba ahadi ya pensheni huweza kuchelewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mashirika ya reli na bandari yaligawanyika pamoja nayo, na nchini Tanzania wazee waliokuwa watumishi wake walidai mafao yao kwa miongo kadhaa. Shirika la Reli la Kenya nalo, lilipokodisha huduma zake mwaka 2006, lilihamisha ardhi na majumba kwa hazina ya pensheni ya wafanyakazi wake ili wastaafu walipwe kutokana na mali hizo. Ilidhihirika kwamba haki iliyoandikwa haitoshi, bali panahitajika mali ya kuilipa.

MGAO WA FAIDA NI NINI?

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Kampuni ikipata faida baada ya kulipa gharama na kodi, wakurugenzi wanaweza kupendekeza kwamba sehemu ya faida hiyo wagawiwe wenye hisa. Hiyo ndiyo huitwa mgao wa faida, au gawio. Sehemu iliyobaki huachwa katika kampuni ili iikuze.

Mgao hutajwa kwa kila hisa. Safaricom, kwa mfano, ilitoa jumla ya Sh1.20 kwa kila hisa kwa mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2025, kwa awamu mbili za senti 55 na senti 65. Mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla ya kupokea, na hiyo ndiyo kodi ya mwisho kwa mgao huo. Hivyo mwenye hisa 1,000 alipata Sh1,140 mkononi.

Anayelipwa ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la wenye hisa siku daftari hilo linapofungwa. Aliyenunua baada ya hapo husubiri mgao ujao.

Tofauti kubwa kati ya pensheni na mgao iko katika deni. Pensheni ni deni ambalo mlipaji anawiwa na mstaafu. Mgao si deni mpaka utangazwe na kuidhinishwa. Kampuni isipopata faida, au ikiamua kutumia faida kwa jambo jingine, mwenye hisa hana wa kumshtaki.

MAFUNZO YA 2006 NA 2008

Soko la Hisa la Nairobi (NSE) lilianzishwa mwaka 1954, lakini kwa nusu karne lilikuwa la watu wachache. Mlango ulifunguka mwaka 2006 serikali ilipouza asilimia 30 ya kampuni ya umeme ya KenGen kwa Sh11.90 kwa hisa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo, na biashara ilipoanza bei iliongezeka zaidi ya maradufu.

Walioona hayo walimiminika mwaka 2008 zilipouzwa hisa bilioni 10 za Safaricom, sawa na asilimia 25 ya kampuni, kwa Sh5 kila moja. Waombaji walikuwa zaidi ya 800,000. Baadhi yao walikopa wakitarajia kuuza baada ya wiki moja na kulipa deni. Kila mwombaji akapewa sehemu tu ya alichoomba, na kufikia mwaka 2009 bei ilikuwa imeanguka chini ya Sh3. Waliokopa waliuza kwa hasara.

Waliotulia walivuna tofauti. Aliyenunua hisa 1,000 kwa Sh5,000 na kuziweka, mgao wa mwaka uliokwisha Machi 2025 ulimpa Sh1,140 baada ya kodi, yaani zaidi ya asilimia 22 ya mtaji wake wa awali, katika mwaka mmoja. Lakini mwaka 2021 bei ya hisa hiyo ilipita Sh40. Aliyenunua hisa 1,000 wakati huo alitoa zaidi ya Sh40,000, na mgao wake wa mwaka uliokwisha Machi 2025 ulikuwa ule ule wa Sh1,140, ambao kwake haukufika asilimia 3.

Kampuni ni moja na mgao ni mmoja. Kilichowatenga watu hao wawili ni bei waliyonunulia na subira yao.

HESABU YENYEWE

Tuseme mkazi wa Bondeni anataka Sh10,000 kila mwezi uzeeni, yaani Sh120,000 kwa mwaka. Kwa mgao wa Sh1.14 baada ya kodi, atahitaji hisa zipatazo 105,300. Ikiwa bei ni Sh25 kwa hisa, hizo ni karibu Sh2.63 milioni. Kiasi hicho hakipatikani kwa mauzo ya msimu mmoja wa Ramadhani.

Sasa achukuliwe muuza mahamri mwenye umri wa miaka 40 anayeweza kutenga Sh2,000 kwa mwezi. Kwa bei hiyo ya Sh25 hupata hisa 80 kila mwezi, au 960 kwa mwaka. Akifanya hivyo kwa miaka 20 na kutumia kila mgao anaoupokea, atakuwa na hisa 19,200. Mgao wake utakuwa takriban Sh21,900 kwa mwaka, sawa na Sh1,820 kwa mwezi.

Akiamua badala yake kununua hisa nyingine kwa kila mgao, atafikisha hisa zipatazo 30,300. Mgao utakuwa karibu Sh34,500 kwa mwaka, au Sh2,880 kwa mwezi. Mchango wake ni ule ule wa Sh480,000. Ziada ya zaidi ya Sh1,000 kwa mwezi imetokana na kutokula matunda ya mti kabla haujakomaa.

Hesabu hii ni mfano. Imechukulia kwamba bei na mgao havibadiliki kwa miaka 20, jambo ambalo halitokei, na imeacha kando ada za dalali, ambazo ni karibu asilimia 2 ya thamani ya kila ununuzi. Lakini inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Sh2,880 ni zaidi ya Sh2,000 ambazo mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa. Ni msaada wa maana jikoni. Hata hivyo, haitoshi kulipa kodi ya nyumba, dawa na chakula.

Ndipo unapoonekana udhaifu wa shauri la kuacha pensheni ili kununua hisa. Mfanyakazi wa mshahara wa Sh20,000 akichangia NSSF Sh1,200, mwajiri humwongezea Sh1,200 papo hapo. Hakuna hisa inayomwongezea mtu fedha kiasi cha alichoweka siku ile ile anayoweka. Isitoshe, NSSF yenyewe ni miongoni mwa wenye hisa wakubwa katika soko la Nairobi. Anayechangia hazina hiyo tayari ana sehemu katika mgao wa kampuni nyingi, ingawa hashiki cheti mkononi.

Kwa asiye na mwajiri, upo pia mpango wa pensheni wa Mbao, ulioanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa jua kali, ambao ulimwezesha mtu kuweka kuanzia Sh20 kwa siku kwa njia ya simu.

MTI HUWEZA KUKAUKA

Historia ya soko la Nairobi ina mifano ya kutosha ya migao iliyokatika. Kampuni ya sukari ya Mumias iliuzwa kwa umma mwaka 2001 kwa Sh6.25 kwa hisa. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni, na wenye hisa wakabaki na makaratasi. Shirika la ndege la Kenya Airways liliuza hisa mwaka 1996 kwa Sh11.25. Julai 2020 biashara ya hisa zake ilisimamishwa, na haikurejea hadi Januari 2025. Kenya Power, ambayo nyaya zake zapita juu ya kila paa, haikutoa mgao kwa wenye hisa za kawaida kuanzia 2018 hadi 2023, kisha ikarejea na senti 70 mwaka 2024.

Hata kampuni yenye nguvu huweza kuzuia mkono. Mei 2020, janga la korona lilipoingia, benki ya Equity iliondoa mgao wa Sh2.50 iliokuwa imeupendekeza. Safaricom nayo ilipunguza mgao wake kutoka Sh1.39 katika mwaka uliokwisha Machi 2022 hadi Sh1.20 mwaka uliofuata, wakati ilipokuwa ikigharamia biashara mpya nchini Ethiopia. Kisha mgao ukabaki Sh1.20 kwa miaka mitatu mfululizo, hali bei ya unga na mafuta haikubaki pale pale.

Kwa watu wa Mombasa, hisa iliyokuwa ya nyumbani ni ya Bamburi, kiwanda cha saruji kilichoanzishwa mwaka 1951 na kuingia sokoni mwaka 1970. Mwaka 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania iliinunua kwa Sh65 kwa hisa, na baadaye Bamburi ikaondoka katika soko la hisa. Wenye hisa hawakudhulumiwa, kwani walilipwa. Lakini mzee aliyezoea kupokea mgao wa saruji alijikuta na fungu la fedha na swali jipya: aliweke wapi?

Kwa sababu hiyo, anayetafuta pato la uzeeni hashauriwi kushika kampuni moja. Kampuni tano au sita za biashara mbalimbali, ambazo zimetoa mgao kwa miaka mingi bila kukopa ili kuulipa, ni ngao bora zaidi. Mgao mkubwa kupita kiasi ukilinganishwa na bei ya hisa mara nyingi ni dalili kwamba soko linatarajia upunguzwe.

SUALA LA RIBA

Waislamu ni wengi Bondeni, na kwao swali la kwanza si kiasi gani bali ni halali au la. Hati fungani za serikali, ambazo wastaafu wengi wa bara huzipenda, hulipa riba. Mgao wa hisa una asili nyingine, kwa kuwa mwenye hisa ni mshirika katika biashara, hupata kampuni inapopata na hukosa inapokosa.

Lakini ushirika huo huwa halali tu ikiwa biashara yenyewe ni halali. Benki za riba, kampuni za bima za kawaida na kiwanda cha pombe cha EABL huondolewa moja kwa moja, na kampuni ya sigara ya BAT pia huepukwa. Hizi ni miongoni mwa kampuni zinazojulikana kwa migao mikubwa sokoni, na kuziacha kunapunguza nafasi ya kutawanya mtaji.

Kwa zilizobaki, maulamaa hutazama madeni na mapato yake. Kigezo kinachotumiwa na wengi ni cha taasisi ya AAOIFI yenye makao yake Bahrain: mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Sehemu hiyo ndogo ya mgao hutolewa sadaka ili pato litakasike. Wapo maulamaa wasiokubali kigezo hiki, na kila mtu hufuata fatwa anayoiamini. Zaka nayo huhesabiwa pale mali inapofikia nisabu na kupitiwa na mwaka.

Fedha zisizo na riba zimeongezeka nchini tangu mwaka 2008, Gulf African Bank na First Community Bank zilipofungua milango. Benki hiyo ya pili ilinunuliwa mwaka 2023 na sasa ni Premier Bank. Mwaka huo huo Linzi Sukuk, sukuk ya kwanza ya Kenya, iliingia katika soko la Nairobi.

UTARATIBU WA KUNUNUA

Hisa hazinunuliwi tena kwa kupanga foleni na cheti cha karatasi. Tangu mwaka 2004 huwekwa katika akaunti ya kielektroniki ya CDSC, ambayo hufunguliwa kupitia dalali au benki iliyopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Kinachohitajika ni kitambulisho, nambari ya KRA na akaunti ya kupokelea fedha. Zamani mnunuzi alilazimika kuchukua hisa zisizopungua 100, lakini tangu Agosti 2025 anaweza kununua hata moja.

Tahadhari ya kwanza ni dalali mwenyewe. Kati ya 2007 na 2009 kampuni kadhaa za madalali ziliporomoka, zikiwamo Francis Thuo & Partners na Nyaga Stockbrokers, na wateja wakahangaika kutafuta haki zao. Ni vyema kuthibitisha leseni katika orodha ya CMA, na kupata taarifa ya akaunti kutoka CDSC yenyewe badala ya kutegemea neno la dalali. Anayeahidi faida isiyobadilika kila mwezi hauzi hisa, kwani hisa haina ahadi hiyo.

Tahadhari ya pili ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Migao isiyodaiwa kwa muda uliowekwa na sheria hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa (UFAA), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Nyingi ni za watu waliohama, waliobadili nambari za simu, au waliofariki bila kumwambia mtu. Hisa ni mirathi kama nyumba, na kwa Mwislamu huweza kugawanywa kupitia Mahakama ya Kadhi. Mjane asiyejua kwamba mumewe alinunua hisa mwaka 2008 hawezi kudai asichokijua.

NANI AANZE, NA LINI

Kwa aliye na miaka 25 au 30, miaka mingi iliyo mbele ndiyo mtaji mkubwa, na Sh500 za kila mwezi zina kazi ya kufanya. Kwa aliye na miaka 58, kutia kiinua mgongo chote katika hisa ni hatari, kwani bei ikianguka hana miaka ya kungoja ipande. Na kwa yeyote, hisa hufuata baada ya akiba ya dharura, ili maradhi ya mtoto yasimlazimishe kuuza wakati bei iko chini. Bandu bandu huisha gogo, na hisa zinazouzwa kila shida ikibisha hodi hazifiki uzeeni.

Mkazi wa Bondeni aliye na mwajiri ana sababu nzuri ya kuhakikisha michango yake ya NSSF inafika, kisha kuongeza hisa juu yake. Asiye na mwajiri anaweza kuchangia pensheni kwa hiari, kushika chumba chake cha kupangisha kama anacho, na kufanya hisa kuwa tegemeo la ziada. Mgao wa faida hauwezi kubeba uzee peke yake kwa mtu wa kipato kidogo, lakini unaweza kumwondolea aibu ya kuomba nauli na pesa za dawa. Mchumia juani hulia kivulini, mradi mti wa kivuli hicho umepandwa mapema na haukukatwa kuwa kuni.